HENRICVS yupi? Msiniambie tena "si jina hilo hapo"

Juzi kaja mteja mwingine, kaweka mezani peni, yaani sarafu ndogo ya fedha ya Uingereza ya kale, kidole juu ya maandishi HENRICVS REX, Kilatini cha "Mfalme Henry". "Hii ya Henry wa Pili, nishahakikisha." Umehakikishaje? "Si jina hilo hapo?"

Nimechoka. Henry II alianzisha peni za msalaba mfupi, ambao mikono yake haifiki ukingoni, mwaka 1180, akafa 1189. Mwanawe Richard akatawala miaka kumi, akafuata John hadi 1216, na muda wote huo mafundi wa Uingereza walikuwa wakifua kwa nyundo peni zenye jina la baba wa wafalme hao wawili. Henry III, mjukuu, alilikuta jina lake limeshaandikwa. Akauacha muundo mpaka 1247. Miaka 67, wafalme wanne, jina moja. Ukitaka jina la Richard, tafuta sarafu zake za Poitou na Aquitaine, huko Ufaransa. La John lipo kwenye zile za Ireland.

Kwa hiyo geuza sarafu! Nyuma kuna jina la fundi na mji wake, ON LVND ikiwa ni London, na mafundi wengi tunajua walifanya kazi miaka ipi. Kisha hesabu misokoto ya nywele pande zote mbili za uso, tazama na umbo la herufi. Mwaka 1205 John alifanya fedha zifuliwe upya, na sura ikatoka nadhifu kuliko zile za hovyo za wakati wa Richard. Uso wenyewe usikusumbue, hakuna mfalme aliyekaa achorwe.

"Nusu hii imevunjika." Haijavunjika, imekatwa kufuata msalaba ili iwe nusu peni. Nusu na robo za mviringo zilikuja kuwa za kawaida kwa Edward I, kuanzia 1279.

Kupunguzwa ukingo ni jambo jingine, huo ulikuwa wizi wa fedha. Ndiyo maana mwaka 1247 mikono ya msalaba ilirefushwa ifike ukingoni. Nunua mzani mdogo wa sonara: peni nzima, isiyopunguzwa ukingo, ina takriban gramu 1.4. Kila mteja namwambia, hanunui hata mmoja.

Na kusafisha sarafu kwa limau, magadi, dawa ya meno: acheni. Weusi ule hauli sarafu, mswaki wako ndio unaoila.

Peni ya juzi ilikuwa ya John. Mwenyewe kaondoka akinung'unika kwamba jina limeandikwa Henry.