Je, wajua kwa nini Remmy Ongala aliitwa "Dokta"?

Wengi hudhani kwamba udokta wa Remmy Ongala ulikuwa cheo cha kujipachika, kama ilivyo desturi ya wanamuziki wetu kujiita majenerali na wafalme. Kumbe jina hilo lina asili ya zamani kuliko gitaa lake. Ramazani Mtoro Ongala alizaliwa mwaka 1947 karibu na Kindu, mashariki mwa Kongo. Inasimuliwa kwamba mama yake, aliyekwisha kufiwa na watoto wawili, aliagizwa na mganga akajifungulie msituni na asimnyoe mtoto huyo nywele. Naye mtoto akazaliwa na meno mawili, ishara iliyochukuliwa kuwa atakuwa mganga. "Dokta" ni uganga uliovishwa suti, na zile nywele za misokoto zilizodhaniwa kuwa za Kirasta zilianza kama sharti la tiba.

Mwaka 1978 alihamia Dar es Salaam kujiunga na bendi ya Orchestra Makassy, kisha akaingia Matimila, bendi iliyokuja kuitwa Super Matimila. Gitaa lilibaki la Kikongo, lakini maneno yakawa ya Kiswahili cha mtaani. Wakati ambapo bendi nyingi zilitumia mashairi kama njia ya mkato ya kulifikia sebene, yaani sehemu ya magitaa ya kasi inayochezewa, Remmy aliwafanya wachezaji wasubiri mpaka amalize hoja yake: umaskini, kifo, thamani ya mtu asiye na kitu. Si bure kwamba wimbo wake mmoja unaitwa "Sauti ya Mnyonge", wala kwamba albamu aliyoirekodi Uingereza mwaka 1989, katika lebo ya Real World ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, ilipewa jina lenye maana ya nyimbo za maskini.

Udokta wenyewe ulidhihirika zaidi katika "Mambo kwa Soksi", alipowahimiza wanaume wavae kondomu, ambayo yeye aliiita soksi, ili wajikinge na UKIMWI. Redio ya taifa ilikataa kuupiga wimbo huo, ilhali kwenye kumbi za dansi watu waliuimba wakicheka. Kwa maoni yangu, kicheko hicho ndicho kilichokuwa kijiko cha dawa, maana hotuba ya hospitali isingesikilizwa kwa muda wote huo.

Miaka yake ya mwisho aliimba nyimbo za Injili, akafariki Desemba 2010. Alikoishi Sinza, makondakta wa daladala bado hunadi kituo kwa jina lake: "Kwa Remmy!"