Kwa nini muvi moja ya mzimu inazomewa, halafu inapewa tuzo palepale?

Mei 2016 kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, waandishi wa habari walioneshwa muvi inaitwa Personal Shopper ya mwongozaji Olivier Assayas, na ilipoisha baadhi yao wakaizomea. Siku chache baadaye tamasha hilohilo likampa Assayas tuzo ya mwongozaji bora, akagawana na Cristian Mungiu wa Romania. Sasa hapo nani kaona nini ambacho mwenzake hakuona?

Mi jibu langu la miaka yote lilikuwa fupi na la dharau kidogo: waliozomea hawakuielewa. Muvi za polepole zina watu wake, wenye subira na akili zao, hao wengine wamezoea mabomu na ngumi. Nimelisema hili kijiweni mara nyingi kwa sauti ya mtu aliyesoma, na si kweli, na ngoja nikae nalo kidogo maana nimelibeba muda mrefu mno.

Muvi yenyewe kwa ufupi. Kristen Stewart, yule wa Twilight, anaigiza Maureen, dada anayeishi Paris kwa kazi ya kumnunulia nguo staa mmoja. Pacha wake Lewis amekufa kwa tatizo la moyo ambalo hata yeye analo, na waliahidiana kwamba atakayetangulia amtumie mwenzake ishara. Basi anasubiri. Analala kwenye nyumba tupu akisikilizia, anapanda treni kwenda London huku namba asiyoijua inamtumia meseji, anajaribu nguo za bosi wake bila ruhusa. Mzimu upo? Upo kidogo, au haupo. Na inaishia Oman, ambako kwa watu wa pwani hii ni kama kwa mashemeji, ila ndo hivyo, hata huko majibu hakuna.

Niliiweka Jumapili mchana Sinza kwa mama mdogo. Mama mdogo ni mjane, mwaka wa tatu huu. Nikamtangazia "leo tunaangalia muvi ya mzimu mama", akavuta ungo wake wa mchele akakaa. Binamu yangu fundi wa bodaboda akaingia baadaye, muvi imeshaanza, mikono ina grisi, hakuuliza ni muvi gani. Huyu ni mtu wa muvi za kutafsiriwa za kibanda umiza, zile DJ anaongea mwanzo mwisho mpaka mlango ukifunguka anakwambia umefunguka. Nikajua huyu analala dakika ya kumi.

Hakulala. Kuna kipande karibu na mwisho, Maureen kakaa bustanini kaipa nyumba mgongo, na kwa mbali nyuma yake, ndani, kama kuna mtu anapita, halafu glasi inaelea hewani yenyewe, inaanguka inavunjika. Ukiwa unachokonoa simu imekupita. Binamu akasimama, "mmeona glasi?!" Mama mdogo macho yako kwenye mchele, anatoa chuya, akasema tu "nimeona".

Ilipoisha nikamuuliza mama mdogo, kwa ule ualimu wangu, kama ameielewa.

"Mtoto wa watu kafiwa na pacha wake, anauliza nani yupo, hajui anajibiwa na marehemu au na kichwa chake mwenyewe. Cha kutokuelewa hapo ni kipi? Ila we uliniambia muvi ya mzimu."

Yaani kaielewa kunishinda na hajaipenda. Binamu kaipenda na ukimuuliza inahusu nini anakwambia "yule dada na glasi". Nadharia yangu yote ikafa pale kwenye kochi.

Sasa kinachotokea hasa ni nini? Fikiria dumu la lita 20. Kama umekaa Dar unalijua dumu. Limewekwa kwenye kona, umeshazoea linakaa limejaa, unainama, unakaza mgongo, unavuta kwa nguvu, kumbe tupu, mkono unaruka juu nusura ujipige kidevu. Unakasirika. Na ukiangalia hakuna sababu ya kukasirika, dumu tupu ni jepesi, umepunguziwa kazi. Ila ubongo hausubiri uguse ndo upime uzito, unakadiria kwa macho na kwa mazoea, unaagiza nguvu mapema, na makadirio yakikataa mwili wote unashtuka. Au ngazi za ghorofa umeme umekatika, unahesabu bado ngazi moja, unashusha mguu, kumbe umeshafika chini. Sakafu iko salama kabisa lakini umeitukana.

Neno "mzimu" ni lile dumu. Sisi tuliokua na muvi za kutisha za Bongo, Nsyuka na Shumileta za Mussa Banzi, tunajua mzimu ukitokea una kazi, unakuja kudai kitu, watu wanakimbia, kuna mahali patatisha. Kwa hiyo mtu akiambiwa mzimu anakaza misuli tangu dakika ya kwanza. Korido yenye giza, anakaza. Mlango unajifungua, anakaza. Na muvi haimpi pa kuachilia, karibu masaa mawili kabeba mzigo ambao haukuwekwa ndani, halafu akitoka anasema "inaboa". Mi nilikuwa nadhani "inaboa" maana yake hakuna kilichotokea. Kumbe mara nyingi mtu kachoka kwa kukaza. Binamu aliingia bila kuambiwa chochote, mgongo haukukazwa, glasi ilipoelea ilimkuta hana makadirio yoyote, ikawa zawadi.

Hili si la Sinza tu. Marekani kuna kampuni inaitwa CinemaScore, inawauliza watazamaji siku ya kwanza wanapotoka ukumbini, wanatoa alama kuanzia A+ hadi F. Mwaka 2018 Hereditary, nayo ya kutisha na nayo imejaa msiba, ilisifiwa sana na wahakiki, watazamaji wa siku ya kwanza wakaipa D+. Wanaoenda siku ya kwanza wengi wamevutwa na trela, kwa hiyo ile alama kwa sehemu kubwa inakwambia kama dumu lilifanana na uzito wake. Ubora wenyewe ni habari nyingine. Na kuzomea kwa Cannes pia usikubebe kama ushahidi mzito, wale wana historia: mwaka 1960 walizomea L'Avventura, muvi ya Mwitaliano Antonioni, ambayo mwanamke anapotea na hadi mwisho huambiwi kaenda wapi, na ikaondoka na tuzo ya majaji.

Kosa langu la pili, nilidhani ule utata wa yupo-hayupo ni mbwembwe za dairekta. Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, W. Dewi Rees, alichapisha mahojiano yake na wajane na wagane 293, na karibu nusu walisema wamewahi kumhisi, kumwona au kumsikia mwenzao aliyekufa. Waliohisi tu kwamba yupo walikuwa wengi kuliko waliomwona. Na wengi walikuwa hawajamwambia mtu. Ni eneo moja la Wales, siwezi kulileta zima zima Dar, lakini nilipomsomea mama mdogo aliuliza kitu kimoja.

"Nusu tu?"

Nikaona basi nimepata dawa, ukimwambia mtu mapema kwamba hii ni muvi ya msiba, ya ule wakati matanga yameanuliwa na turubai limeshakunjwa na watu wameondoka na masufuria yao, ataipenda. Nikamjaribu jirani. Nikamweleza vizuri kabisa, akatikisa kichwa kwa heshima, akavumilia hadi zile meseji za kwenye treni, akaangalia saa, akaniomba rimoti aangalie mpira.