Korea Kaskazini: Maneno Waliyokubaliana Wakubwa

Kila Korea Kaskazini inaporusha kombora, huibuka swali lile lile: inakuwaje mataifa makubwa yashindwe kuidhibiti nchi moja maskini ambayo mafuta yake mengi hupitia kwa jirani mmoja? Wengi huwa wameshajijibu kwamba watawala wa Pyongyang hawatabiriki. Mimi kazi yangu ni kusoma maazimio na taarifa za pamoja, neno kwa neno, na kadiri ninavyozisoma ndivyo jibu hilo linavyozidi kunishinda kuliamini. Pyongyang kwa kawaida hutangaza inachotaka, ikatangaza itakachofanya isipokipata, kisha ikakifanya. Vigumu zaidi kutabiri ni mwenendo wa wale wanaokaa kuijadili, kwa kuwa wamezoea kukubaliana juu ya maneno huku kila mmoja akiondoka na maana yake.

Hofu zao hazifanani, na hapo ndipo pa kuanzia. Washington inaogopa silaha yenyewe, hasa tangu Julai 2017, Korea Kaskazini ilipojaribu kombora linaloweza kuvuka bahari. Beijing nayo haiipendi silaha hiyo, lakini inaogopa zaidi kuanguka kwa dola lililo upande wa pili wa mpaka wa kilomita zipatazo 1,400, wakimbizi wakivuka mto Yalu na wanajeshi wa Marekani wakisogea hadi ukingoni mwake. Hofu hiyo si ya kubuni, kwani mwishoni mwa 1950, katika Vita vya Korea, China ilivusha majeshi yake mto huo huo kwa sababu kama hiyo. Moscow kwa muda mrefu ilijiweka nyuma ya Beijing, ikihakikisha tu kwamba hakuna jambo linaloamuliwa bila yenyewe kuwapo. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka: Marekani karibu haina biashara yoyote na Korea Kaskazini ambayo inaweza kuikata, ilhali zaidi ya asilimia 90 ya biashara ya nje ya nchi hiyo, kwa miaka ya karibuni, imekuwa na China. Kwa hiyo anayetaka kupiga hana fimbo, na mwenye fimbo hataki nyoka afie mlangoni pake.

Namna hofu hizi zinavyofichwa ndani ya maneno inaonekana vizuri katika taarifa ya pamoja ya Septemba 19, 2005, iliyotolewa Beijing katika mazungumzo ya pande sita, yaani China, Marekani, Urusi, Japani na Korea zote mbili. Korea Kaskazini iliahidi kuachana na silaha zote za nyuklia na mipango yake iliyopo. Kwa upande wao, wenzake walikubali kuzungumzia suala la kuipatia kinu cha nyuklia cha kuzalisha umeme "katika wakati mwafaka". Wakati huo ni upi? Hakuna aliyeandika, kwa kuwa kama ungeandikwa taarifa isingepatikana. Siku ile ile mjumbe wa Marekani, Christopher Hill, alisoma tamko lake kwamba wakati huo ungefika baada ya silaha kuteketezwa na ukaguzi kukamilika. Kesho yake wizara ya mambo ya nje ya Pyongyang ikatangaza kwamba Marekani isithubutu hata kuota kuhusu kuteketezwa kwa silaha kabla ya kinu kutolewa. Taarifa iliyosifiwa kama mafanikio makubwa ilikuwa na tafsiri mbili zinazopingana kabla haijatimiza saa arobaini na nane.

Mambo yaliharibika zaidi kwa sababu serikali ya Marekani yenyewe haikuwa na sauti moja. Siku nne kabla ya taarifa hiyo, wizara yake ya fedha ilikuwa imeinyooshea kidole Banco Delta Asia, benki ndogo ya Macau, kwa tuhuma za kuisaidia Korea Kaskazini kusafisha fedha, na takriban dola milioni 25 zikazuiliwa. Pyongyang ikasusia mazungumzo, na Oktoba 9, 2006 ikalipua bomu lake la kwanza la majaribio. Washington ilipokubali mwaka uliofuata fedha hizo ziachiliwe, benki za kibiashara ziliogopa kuzigusa, hata ikabidi zipitie tawi la benki kuu ya Marekani mjini New York, kisha benki kuu ya Urusi, ndipo zimfikie mwenyewe. Wanadiplomasia wa nchi sita walisubiri kwa miezi uhamisho wa kibenki.

Kwenye Baraza la Usalama, mchezo wa maneno ni wa kitaalamu zaidi. Azimio 1718, lililopitishwa siku tano baada ya jaribio hilo, lilitaja Sura ya Saba ya Katiba ya Umoja wa Mataifa, inayoweza kuruhusu hata nguvu za kijeshi, jambo ambalo Marekani ililitaka; lakini China na Urusi zilihakikisha linaifunga hatua hiyo ndani ya Ibara ya 41, inayohusu hatua zisizo za kijeshi, ili asije mtu kudai baadaye kwamba aliruhusiwa kupiga mabomu. Nakiri kwamba hapo naziunga mkono.

Siwezi kusema hivyo kuhusu makaa ya mawe. Azimio 2270 la Machi 2016 lilipiga marufuku Korea Kaskazini kuyauza nje, isipokuwa kwa mahitaji ya kujikimu ya wananchi wake. Ni nani angesimama bandarini akajua shehena ipi ni ya kujikimu na ipi ni ya kombora? Mwaka huo makaa yaliyoingia China kutoka huko yaliongezeka, yakapita tani milioni 22. Mwezi Novemba kiwango cha juu kikawekwa, na marufuku kamili ikaja Agosti 2017, baada ya makombora ya Julai na vitisho vya vita kuishawishi Beijing kwamba kulegeza nako kuna hatari yake.

Desemba 2017 likapita azimio 2397, lililoweka kikomo cha mapipa 500,000 ya mafuta yaliyosafishwa kwa mwaka na kutamka kwamba jaribio lingine la kombora la masafa marefu lingelifanya Baraza kuyabana mafuta zaidi. China na Urusi zililipigia kura ya ndiyo. Kombora hilo lilirushwa Machi 2022. Mei 26 Marekani ikaleta rasimu ya kutekeleza kilichotamkwa, nchi 13 zikaiunga mkono, na China na Urusi zikaizuia kwa kura ya turufu. Machi 2024 Urusi ikatumia turufu tena, safari hii kulinyima uhai jopo la wataalamu lililokuwa likifuatilia ukiukwaji wa vikwazo, huku China ikijizuia kupiga kura. Vikwazo vyenyewe vikabaki kwenye vitabu. Siku chache kabla ya muda wa jopo kwisha Aprili 30, wachunguzi wake waliwasilisha ripoti kwamba mabaki ya kombora lililoanguka Kharkiv, Ukraine, nchi iliyovamiwa na Urusi, Januari 2 mwaka huo yalikuwa ya kombora la Korea Kaskazini.