Kima cha chini kikipanda, nani hasa anaongezewa?

Kila amri mpya ya kima cha chini cha mshahara inapotoka, simu yangu haitulii. Viongozi wa matawi ya vyama vya wafanyakazi, waandishi wa habari, hata mashemeji, wote wanauliza: wangapi watafaidika? Nimeshughulika na mishahara kwa miaka mingi, na jibu langu huwa ni kuomba orodha ya malipo kwanza.

Tuchukue amri ya 2025, iliyoanza kutumika 1 Januari 2026. Serikali ilitangaza kwamba kima cha chini cha sekta binafsi Tanzania kimepanda kutoka Sh 275,060 hadi Sh 358,322, yaani takriban asilimia 30. Watu wakaishika ile namba ya mwisho kana kwamba ndiyo mshahara wao mpya, kumbe ni wastani tu. Kila sekta ina kima chake: mgodini kwake, shambani kwake, dukani kwake. Chini ya amri ya 2022, wakati wastani ukiwa hiyo 275,060, mfanyakazi wa kilimo alipangiwa Sh 140,000 kwa mwezi. Ukihesabu wafaidika kwa kutumia wastani, umeshapotea kabla hujaanza.

Hesabu yenyewe naifanya hivi. Napanga majina kuanzia anayelipwa kidogo kuliko wote, halafu nachora mistari miwili, mmoja kwenye kima cha zamani na mwingine kwenye kipya. Waliomo katikati ndio wanaofaidika moja kwa moja. Tuseme kima kimetoka 150,000 kwenda 200,000. Aliyekuwa kwenye 150,000 anaongezewa elfu hamsini, na aliyekuwa kwenye 190,000 anaongezewa elfu kumi. Kwenye takwimu kila mmoja anahesabika kichwa kimoja, lakini ukifika sokoni tofauti yao unaiona kwenye kikapu. Ndiyo maana ukiniuliza ni wangapi, nami nitakuuliza kwa shilingi ngapi.

Halafu yupo mnyapara. Huyu alikuwa analipwa 205,000, sheria haimlazimu mwajiri kumwongezea chochote, lakini sasa anaowasimamia wamebakiza elfu tano tu kumfikia. Mwajiri mwenye busara humsogeza juu kidogo. Watu wa ngazi hii husahaulika karibu katika kila makadirio, nami naona ni kosa, kwa sababu katika kiwanda kikubwa wanaweza kuwa wengi.

Kuna faida nyingine haionekani mkononi. Mshahara wa msingi ndio unaopimiwa saa za ziada, ambazo hulipwa mara moja na nusu. Ndio pia unaopimiwa malipo ya kuachishwa kazi, angalau siku saba kwa kila mwaka uliokamilisha, hadi miaka kumi. Hivyo mwajiri akichukua posho na kuiingiza kwenye mshahara wa msingi ili afikie kima kipya, mfanyakazi ataondoka mwisho wa mwezi na pesa ileile na kusema amedanganywa. Lalamiko lake nalielewa kabisa. Ila mwambie aangalie malipo yake ya saa za ziada.

Machinga, mwenye bodaboda yake na mkulima anayelima shamba lake hawamo kwenye hesabu hii, maana hawana mwajiri.

Wanaoninyima usingizi ni walio chini ya mstari wa kwanza. Hawa kima cha zamani kilikuwa haki yao, hawakulipwa, na sasa wanatangaziwa kikubwa zaidi. Ukiwaingiza kwenye idadi ya wafaidika, idadi inapendeza. Kwao kinachohitajika ni afisa kazi afike mlangoni, na maafisa kazi ni wachache, tena nyumba za watu hawaziingii kirahisi.

Mwaka 2024 nilikaa na dada mmoja wa kazi, analala kwa mwajiri wake. Amri ya 2022 ilikuwa imempangia Sh 60,000, kutoka 40,000 ya mwaka 2013. Alikuwa anapokea 45,000. Mkataba hana, karatasi ya mshahara hajawahi kuiona. Nilipomuuliza ana ushahidi gani wa malipo, alinyamaza kidogo, kisha akatoa simu ya kubonyeza iliyofungwa kwa mpira wa bendi. Tukapekua meseji: 45,000, mwezi unaofuata 45,000, mwezi wa Pasaka 40,000 kwa sababu alivunja sahani.

Nilimweleza kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inamtaka mwajiri aweke masharti ya kazi kwa maandishi, na kesi ikifika, asipoyaleta, mzigo wa kuthibitisha unakuwa wake. Nikamweleza pia kuwa madai kama hayo hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Akauliza akienda, atalala wapi usiku huo.

Tangu siku hiyo nikipiga hesabu ya wafaidika, watu kama yeye nawaandika kwenye safu yao peke yao, na siijumlishi na nyingine.