Msimwite Fudo Myoo shetani

Juzi nimetumiwa tena picha ya Fudo Myoo, kiumbe mwenye sura kali anayeheshimiwa katika Ubuddha wa Kijapani, uso mtupu, imekatwa shingoni, na swali ni lilelile: mbona Wajapani wanaabudu shetani? Nimechoka kulijibu kwa mistari miwili ya simu. Leo nalijibu kwa kirefu.

Tuanzie mahali alipo. Katika hekalu la To-ji, Kyoto, kuna ukumbi uliopangwa kwa fikra za mtawa Kukai, aliyerudi kutoka China mwaka 806 na mafundisho ya Ubuddha wa siri. Sanamu za ukumbi huo zilizinduliwa mwaka 839, miaka minne baada ya kifo cha Kukai. Ziko 21, na 15 kati ya hizo ni zilezile za mwanzo. Katikati wameketi Mabuddha watano wakiongozwa na Dainichi, Buddha mkuu wa mafundisho hayo, upande wa mashariki mabodhisatwa watano, wale wapole wanaowasaidia wengine waokoke, magharibi Myoo watano, yaani wafalme wa hekima wenye sura kali, na Fudo yuko katikati ya hao. Mpangilio huo ndio jibu. Aliye katikati, yule mpole na huyu mkali wote ni Dainichi mmoja: anayesikia hufundishwa kwa upole, mkaidi hujiwa na sura hii.

Kwa hiyo hata wanaomtetea kwa kusema "huyo ni bawabu tu" hawajamwelewa. Mabawabu wapo, wanaitwa Nio, nao husimama kwenye malango ya mahekalu. Fudo yuko ndani, jukwaa moja na Mabuddha.

Upanga wa mkono wa kulia unakata tamaa, hasira na ujinga. Moto mgongoni unateketeza hayohayo, na ndiyo maana katika ibada ya goma mtawa huchoma vijiti vya mbao mbele yake. Hapo sina la kuongeza.

Kinachonikera ni kamba. Watu huiona mkono wa kushoto wakadhani ni ya kumfungia adui. Itazameni vizuri: kwenye sanamu nyingi ncha moja ina pete, na nyingine ina nusu ya vajra, kifaa cha ibada chenye umbo la silaha. Ni kamba ya kuvutia. Anayefungwa ni yule aliyegoma kuokolewa, naye anavutwa kama ng'ombe aliyezama topeni: shingo itamuuma, lakini atatoka. Ukimsoma Fudo kwa upanga peke yake utapata muuaji. Upanga na kamba vinasomwa pamoja, maana kinachokatwa ni uchafu ulio ndani ya mtu, na mtu mwenyewe haachwi.

Halafu shukeni chini ya shingo, kule ambako picha zenu hazifiki. Mwili ni mnene, wa kitoto. Nywele zimesukwa msuko mmoja unaoning'inia bega la kushoto. Amekalia mwamba, si ua la yungiyungi. Hayo ni maumbile ya kijana mtumishi, na maandiko yenyewe yanamwita mtumishi na mjumbe wa Dainichi. Katika alama 19 za Fudo alizozipanga mtawa Annen, karne ya 9, imo hii: anakula makombo ya anayemwabudu. Wanazuoni husema makombo hayo ni mabaki ya uchafu wa moyo. Sawa, lakini mimi naona tusikimbilie fumbo haraka hivyo. Kiumbe mwenye cheo cha mfalme anakula alichobakiza mwanafunzi wake. Nionyesheni shetani wa namna hiyo.

Palipo na shaka ni usoni. Vitabu vya wageni hueleza kwa uhakika kwamba jicho moja lililokodolewa na jingine lililofinywa, na chonge moja juu na moja chini, vina maana hii na ile. Fudo wa To-ji, mkongwe kuliko wengi, amefumbua macho yote mawili, na meno ya juu yameuma mdomo wa chini. Uso ule usiolingana ulienea baadaye, kwa kufuata alama za Annen. Mtauona wazi kwenye mchoro wa Fudo wa buluu wa Shoren-in, karne ya 11. Sutra ya Dainichi, andiko takatifu la Kibuddha lililotafsiriwa kwa Kichina katika miaka ya 720, tayari inalitaja jicho lililofinywa, na bado wachongaji wa To-ji hawakulichonga. Kwa hiyo mtu akiniambia chonge ya kushoto lazima imaanishe jambo fulani, namuuliza kwanza anazungumzia sanamu ipi, ya karne ipi.