Upenu: paa linapoupita ukuta

Upenu ni ile sehemu ya paa inayoupita ukuta na kuning'inia nje. Fundi anapopaua haziachi kenchi, yaani fremu zinazobeba paa, ziishie juu ya tofali. Huzitoa nje, mara nyingi futi mbili hivi, kisha hugongelea fisha bodi, ubao wa kuziba ukingo wa paa, kwenye ncha zake. Hapo ndipo mpita njia hujibanza mvua ikimkuta, na ndipo ndoo hupangwa kukinga maji.

Kazi yake ya kwanza ni kuulinda ukuta. Masika ya Dar es Salaam, kuanzia Machi hadi Mei, mvua ikija na upepo hupiga ubavuni. Ukuta usio na upenu huloa, rangi ikabanduka na ukungu mweusi ukatambaa. Maji ya paa nayo huangukia miguuni mwa nyumba na kuchimba msingi. Kwa nyumba ya miti na udongo hili si suala la urembo: bila upenu mpana, ukuta unamomonyoka.

Kisha kuna jua, na hapa hesabu ni tamu. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwishoni mwa Juni jua la adhuhuri hukaa upande wa kaskazini, nyuzi kama 60 juu ya upeo wa macho, na upenu wa sentimita 60 hutia kivuli takriban mita moja ya ukuta. Desemba jua limehamia kusini na limepanda zaidi. Upenu uleule hufunika karibu mita mbili. Mashariki na magharibi usiutegemee sana. Jua la saa kumi na moja jioni hupita chini yake likaingia hadi kitandani. Huko panda mti, au punguza dirisha.

Siku hizi wengi wanataka paa la kuficha: ukuta unapandishwa mpaka bati halionekani. Nyumba inapendeza, sikatai. Ila maji yote yanategemea mfereji wa ndani, na majani yakiuziba, yatatafuta njia darini. Anayeupenda mtindo huo angalau amwagie bapa la zege juu ya kila dirisha, lenye mfuo mwembamba chini ya ukingo, ili maji yadondoke pale pale badala ya kurudi ukutani.