Jeti ndogo kwenye uwanja usioufahamu: dhana potofu na ukweli, kutokea Mtwara

Wanaofika Mtwara kwa jeti binafsi huja kikazi: gesi ya Mnazi Bay na Madimba, saruji, msimu wa korosho, au mazungumzo ya mradi wa gesi wa Likong'o upande wa Lindi. Rubani ana uzoefu wa miaka, ila uwanja huu hajawahi kuutua. Marubani wa kwetu nao wanapotoka kwenda ughaibuni hukutwa na hali hiyohiyo. Dhana zinazofuata hazitokani na uzembe. Zinatokana na mazoea ya uwanja wa nyumbani, ambayo mtu huyabeba safarini bila kuyakagua.

Dhana: "Njia ya kurukia ina mita 2,800 na ndege yangu inataka 1,000. Hesabu ya nini?"

Baada ya upanuzi, njia ya 01/19 ya Mtwara (namba hizo ni mwelekeo wake kwa dira) ilirefushwa kutoka mita 2,258 hadi 2,800, na kwa jeti ndogo nyingi hapo pana nafasi tele. Tatizo ni kwamba anayezoea kutopiga hesabu Mtwara hataipiga na kwingine.

Ile mita 1,000 ya kwenye kitabu ilipatikana kwa rubani wa majaribio: njia kavu, mwendo barabara, kizingiti, yaani mwanzo wa njia, kimevukwa kwa futi 50, breki zimekandamizwa hadi mwisho. Kanuni za ndege za biashara hutaka jeti iweze kusimama ndani ya asilimia 60 ya njia iliyopo, kwa hiyo 1,000 unaizidisha kwa 1.67 na kupata mita 1,670. Njia ikitarajiwa kuwa na maji unaongeza asilimia 15 nyingine, na unafika takriban mita 1,920. Anayeruka safari binafsi huenda sheria ya nchi aliyosajili ndege yake haimlazimishi kutumia kipimo hiki. Ushauri wetu ni kwamba akitumie kila safari, maana lami haijui kama abiria amelipa nauli au hakulipa.

Mita hupotelea wapi? Ukivuka kizingiti kwa futi 100 badala ya 50, kwenye mteremko wa nyuzi 3 umeshaacha nyuma mita 290. Mwendo ukizidi kwa asilimia 10, umbali wa kusimama huongezeka kwa takriban asilimia 21, kwa sababu nguvu ya mwendo hukua kwa kipeo cha pili. Ndege ikielea juu ya lami kwa noti 120 (maili za baharini kwa saa), kila sekunde inakula mita 62. Ukiyakusanya makosa hayo matatu, na ndege ikaelea sekunde nne tu, ile 1,000 inakuwa karibu 1,750 kwenye njia kavu. Mtwara utasimama salama. Kwenye njia ya mita 1,600 utasimama majanini.

Kuanzia Novemba 2021 dunia inatumia mfumo mmoja wa kutoa taarifa za hali ya njia, kwa namba 6 (kavu) hadi 0. Njia yenye unyevu wa kawaida ni 5. Maji yaliyotuama yakizidi milimita 3 ni 2, na hapo tairi zinaweza kuteleza juu ya maji bila kugusa lami. Kusini huku mvua ni msimu mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili, na ngurumo za alasiri humwaga maji mengi kwa muda mfupi. Usipopewa namba, uliza mvua imenyesha lini na kama maji yametuama.

Kwenye kuruka, tazama joto. Mtwara iko futi 371 tu juu ya bahari, lakini kwenye nyuzi 32 za Selsiasi injini na mabawa hufanya kazi kana kwamba uko karibu futi 2,500. Ukiwa umejaza mafuta ya kurudi moja kwa moja nje ya nchi, pitia upya jedwali la kupaa kwa injini moja kabla abiria hawajapanda.

Dhana: "Kibali cha anga ninacho, basi natua popote."

Kibali cha kupita juu ya nchi ni kitu kimoja, na kibali cha kutua ni kingine. Mkataba wa Chicago wa 1944, kifungu cha 10, unaipa nchi haki ya kukutaka utue kwenye uwanja wenye forodha. Ukitoka nje, usipange kutua Mtwara moja kwa moja mpaka uwe na jibu la maandishi kwamba forodha na uhamiaji watakuwepo saa hiyo. Bila jibu hilo, ingilia Dar es Salaam kwanza, kamilisha taratibu, ndipo ushuke kusini kama safari ya ndani.

Namba ya kibali iandikwe kwenye kipengele cha 18 cha mpango wa safari. Ukichelewa, angalia kibali kinadumu kwa muda gani. Wengi hupata shida hapa: mkutano wa abiria umesogea siku mbili, na kibali kimekufa bila mtu kukiangalia.

Kifungu cha 29 cha mkataba huohuo kinataja hati za kuwa nazo ndani ya ndege: cheti cha usajili, cheti cha ubora wa kuruka, leseni za marubani na wahudumu wote, kitabu cha safari, leseni ya redio, orodha ya abiria, na orodha ya mizigo kama ipo. Beba asili zake, ongeza bima, na kadi za homa ya manjano kwa wanaotoka au kupitia nchi zenye ugonjwa huo. Jambo moja zaidi linalosahaulika: ndege ya kukodi iliyosajiliwa nje haina haki ya kuchukua abiria wapya wa kulipa Dar es Salaam na kuwashusha Mtwara. Hiyo ni biashara ya ndani, na kifungu cha 7 kinaiachia nchi husika uamuzi wa kuikataa.

Dhana: "Wakala atapanga kila kitu."

Wakala mzuri ni msaada mkubwa, lakini hajui ndege yako inataka nini mpaka umwambie. Mwandikie, naye akujibu kwa maandishi: mafuta ya jeti, Jet A-1, yapo leo, lita ngapi, na yanalipwaje? Kadi ya mafuta inayokubalika Ulaya inaweza isikufae kitu kwenye uwanja wa mkoani. Umeme wa nje wa volti 28 upo? Kama haupo, betri au injini ndogo ya mkiani ikigoma huondoki. Fimbo ya kuvuta ndege inayolingana na gurudumu lako la mbele ipo, au uje nayo? Zimamoto wapo zamu hadi saa ngapi? Taa za njia zinawashwa na nani? Marekani, kwenye viwanja vingi vidogo, rubani huwasha taa mwenyewe kwa kubofya redio. Usitegemee hilo ukitoka huko.

Baadhi ya jeti zinahitaji dawa ya kuzuia barafu kwenye mafuta, kwa kawaida asilimia 0.10 hadi 0.15 ya ujazo. Mafuta ya kiraia mara nyingi huja bila dawa hiyo. Kama ndege yako ni ya aina hiyo, beba makopo yako.

Vipimo vya mafuta ndivyo vinavyotutia wasiwasi zaidi. Tuseme unataka ratili 3,000. Hizo ni kilo 1,361, na kwa uzito wa kilo 0.8 kwa lita, ni kama lita 1,700. Mjazaji akisikia "elfu tatu" akaweka lita, utakuwa na kilo 2,400, na ndege imezidi uzito. Ukimwambia 1,361 ukimaanisha kilo, naye akaweka lita, utapungukiwa kilo 272. Julai 23, 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta angani kwa sababu hesabu ilitumia 1.77, uzito wa lita kwa ratili, mahali palipotakiwa kilo. Ilitua bila injini, kwa kuambaa, huko Gimli, Kanada. Andika namba pamoja na kipimo chake kwenye karatasi, mwonyeshe mjazaji, kisha linganisha mita ya gari la mafuta na geji za ndege kabla ya kusaini.

Dhana: "Saa tatu ni saa tatu."

NOTAM (tangazo rasmi kwa marubani) na mpango wa safari hutumia saa za dunia, UTC. Tanzania iko mbele kwa saa 3, Msumbiji kwa saa 2. NOTAM ikisema uwanja unahudumu 0300 hadi 1500, kwa Mtwara ni saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni. Dereva akiambiwa "saa tatu asubuhi" anaelewa 09:00, ambayo ni 0600 UTC. Mgeni anaweza kuandika 0300. Kwenye ujumbe wowote andika saa kwa tarakimu nne, na useme ni UTC au ni saa za hapa. Mtwara jua huzama kabla ya saa moja usiku mwaka mzima, kwa hiyo kuchelewa saa moja tu kunaweza kuigeuza safari ya mchana kuwa ya usiku.

Dhana: "Kiingereza cha redioni ni kilekile kila mahali."

Maneno yanafanana, namba hazifanani. Rubani wa Marekani huweka altimita, yaani kipima kimo, kwa inchi za zebaki; sehemu kubwa ya dunia hutumia hektopaskali. Kwenye baridi ya kaskazini mwa Ulaya mwongozaji akitaja "tisa tisa mbili", yaani 992, aliyezoea inchi anaweza kuweka 29.92, ambayo ni 1013. Tofauti ya hektopaskali 21 ni karibu futi 600, na altimita itaonyesha uko juu kuliko ulipo kweli. Pwani yetu QNH, yaani kanieneo ya kuwekea altimita, huzunguka 1010 na kitu, lakini kawaida ya kurudia namba pamoja na kipimo chake ijengwe hapahapa.

Halafu rada. Aliyezoea kuelekezwa nyuzi kwa nyuzi hadi mstari wa njia hukuta mahali ambapo anaulizwa yeye: uko wapi, kimo gani, utafika kituo kinachofuata saa ngapi. Andaa majibu hayo kabla ya kubonyeza redio. Kwenye anga kubwa za Afrika, marubani hutangaza pia nafasi zao kwa ndege nyingine kwenye 126.9 MHz. Sikiliza, na tangaza.

Dhana: "Nikiuona uwanja, kazi imekwisha."

Desemba 18, 2013, Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikienda uwanja wa Kilimanjaro (KIA) ilitua Arusha. Njia zote mbili ni 09/27, kwa hiyo dira haikuweza kumstua mtu. Ile ya KIA ina zaidi ya mita 3,500, ya Arusha ilikuwa kama 1,600. Hata mchana mweupe, weka kwenye kompyuta ya ndege njia ya kutua ya chombo au ya satelaiti, na uhakikishe umbali uliobaki unalingana na unachokiona. Visipolingana, paa tena.

Upana nao hudanganya. Aliyezoea njia ya mita 30 akikuta ya mita 45 huona yuko chini mno, huja juu na kunyanyua pua mapema. Akitoka kwenye pana kwenda nyembamba huja chini mno, na hilo ndilo baya zaidi. Usiku, ukija kutoka baharini au juu ya pori lisilo na taa, macho hukushusha bila kujua. Fuata PAPI (taa za kando ya njia zinazoonyesha kama uko juu au chini) au mteremko wa chombo, usifuate hisia.

Wanaotoka huku kwenda Marekani wachunge mzunguko wa kutua kwa macho. Kwa vipimo vya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ndege ya kundi C (makundi hupangwa kwa mwendo wa kutua) inalindwa dhidi ya vizuizi hadi maili za baharini 4.2 kutoka kizingiti. Kwa vipimo vya zamani vya Marekani, ambavyo bado viko kwenye baadhi ya chati, ni maili 1.7 tu. Ukizunguka kwa upana uliouzoea, uko nje ya ulinzi na mlima haukusubiri.

Na abiria asikuharakishe. Machi 29, 2001, jeti ya kukodi, Gulfstream III, ilianguka Aspen, Marekani, ikijaribu kutua giza likiingia; abiria walichelewa, na muda wa mwisho wa kutua ulikuwa unakaribia. Wote 18 walikufa. Mwambie mteja saa ya mwisho ya kuondoka, kwa maandishi, siku moja kabla.

Dhana: "Uwanja mbadala ni wa kujazia fomu."

Kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam ni maili za baharini zipatazo 215. Lindi iko jirani, lakini uwanja wa Kikwetu kwa miaka mingi umekuwa wa changarawe, na jeti nyingi hazina idhini ya mtengenezaji kutua kwenye njia isiyo ya lami. Mawe hurushwa na magurudumu yakaingia kwenye injini. Usiuandike kabla hujathibitisha hali yake ya sasa na kitabu cha ndege yako.

Pemba ya Msumbiji iko karibu zaidi, kama maili 160 kusini, lakini ni nchi nyingine, na kibali chake kitafutwe mapema. Ukiuingiza kwenye kompyuta andika msimbo wake, FQPB. Pemba ya kisiwani ni HTPE, na iko zaidi ya maili 300 kaskazini mwa Mtwara. Orodha ya kompyuta inaweza kukuletea majina yote mawili kwa pamoja.

Kuanzia Desemba hadi mwanzoni mwa Mei angalia pia vimbunga vya Bahari ya Hindi. Kenneth iliingia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, Aprili 25, 2019, na mfumo wa namna hiyo unaweza kuifunga Mtwara na Pemba siku moja. Basi mafuta ya kuondokea yawe ya safari, asilimia 5 ya dharura, safari ya Mtwara hadi Dar es Salaam, na dakika 30 za kuzunguka kwa futi 1,500. Kama Mtwara haijathibitisha mafuta, ongeza na ya kurudia, kisha rudi kwenye jedwali la kutua, kwa sababu uzito wa kutua umeshabadilika.